Kabla ya kumlipa mpambaji, uliza maua yatalala wapi

Swali: Shikamoo dada. Nafunga ndoa Jumamosi ya pili ya Desemba hapa Dar es Salaam. Ibada ni Upanga saa nane mchana, sherehe ni ukumbini Mbezi Beach saa moja jioni, wageni 300. Rangi zetu ni bluu iliyokolea na nyeupe. Tuna wapambaji watatu. Wa kwanza ana bei ya chini kabisa na anaahidi maua halisi ukumbi mzima. Wa pili bei yake ni karibu mara mbili ya huyo, naye anasema atachanganya maua halisi na ya bandia. Wa tatu ni karibu mara tatu, picha zake Instagram zinavutia sana, ila kila nikipiga simu anapokea msaidizi. Kamati inamtaka wa kwanza. Mama mkwe amesema hataki kuona plastiki. Nimchukue yupi? – Bi harusi mtarajiwa, Tabata

Marahaba mdogo wangu, na hongera.

Bei tutazifikia. Kwanza kuna jambo ambalo kamati nyingi haziulizi: mawaridi ya harusi yako hayatalimwa Dar. Waridi zuri la kukata linataka usiku wa baridi, na mashamba yake yako Arusha, pande za Usa River na Tengeru, na Kilimanjaro. Mengine yanavuka mpaka wa Namanga yakitoka Kenya. Ua likishakatwa Arusha lina safari ya zaidi ya kilomita 600 mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, mara nyingi ndani ya buti la basi, halafu linapokelewa na Desemba yetu: nyuzi joto 31 au 32 mchana, na unyevu wa bahari juu yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha utakayomlipa mpambaji inanunua utunzaji, zile siku mbili tatu kati ya shamba na meza. Watu wenye jicho la rangi mji huu unao wengi. Wenye mahali pa kulaza maua ni wachache.

Waulize wote watatu swali moja, na usiwasaidie kulijibu: maua yangu yatafika lini, kwa usafiri gani, na yatalala wapi?

Jibu unalotaka kusikia linafanana na hili. Yanafika Alhamisi jioni. Usiku uleule yanafunguliwa, vikonyo vinakatwa upya kwa mshazari, majani ya chini yanapunguzwa, yanaingia kwenye ndoo safi zenye maji safi. Yanakaa chumba cha baridi Ijumaa nzima. Jumamosi alfajiri yanapangwa. Waridi likitoka safarini linafika limefumba na lina kiu, linahitaji kama siku nzima ya kunywa na kuchanua. Likifika Jumamosi asubuhi, wageni wataona vichwa vilivyofumba. Likifika Jumanne bila baridi ya kutosha, Jumamosi litaanza kudondosha petali kwenye kitambaa cha meza.

Baridi ninayosema kwa waridi ni kati ya nyuzi 2 na 4. Chumba chenye kiyoyozi hakifiki huko, ila kwa maua yaliyoingia mjini Alhamisi usiku au Ijumaa kinaweza kuvusha kazi kama kinawaka usiku kucha na umeme una mbadala. Friji ya nyumbani ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Desemba ni msimu wa maembe, na embe au ndizi iliyoiva hutoa gesi inayozeesha maua haraka. Kaneshini ndizo zinazoumia zaidi, zinajikunja na kusinzia. Na si kila ua linapenda baridi kali. Anthuriamu na helikonia ni maua ya joto, ukiyaweka kwenye nyuzi 3 yanapata madoa meusi. Fundi anayekwambia "yote tunayatia friji" amekuonyesha kwamba hajayaishi maua.

Omba kwenda kuona. Anayetunza maua kweli ana ndoo nyingi, visu, maji, na sehemu yenye kivuli isiyonuka maji yaliyooza. Ukikuta kuna waridi, libonye taratibu pale chini ya petali, kwenye shingo ya ua. Likiwa gumu ni jipya. Likibonyea kama sponji, limeshakaa sana, hata kama linapendeza kwa nje. Angalia na kingo za petali nyeupe. Mchubuko kwenye jekundu unajificha, kwenye jeupe unakuwa doa la kahawia, na wewe rangi yako ni nyeupe.

Sasa mpambaji wa kwanza. Simwiti tapeli, huenda ni kijana anayetafuta jina. Lakini kaa na mweka hazina wa kamati mpige hesabu hii. Wageni 300, meza za watu 10, ni meza 30. Pambo fupi la katikati ya meza, lile ambalo mtu akikaa anaona ni maua na wala si majani, linakula mawaridi 15 kwenda juu. Hapo ni 450. Weka meza kuu, tao la nyuma yenu, keki, njia ya kuingilia, kanisa, shada lako ambalo peke yake ni maua 25 hadi 30, la msimamizi wako, na maua ya kubandika kwenye makoti. Ukibana sana hiyo ni 350 nyingine. Jumla 800, na fundi mwenye akili anaongeza sehemu moja ya kumi kwa yale yatakayovunjika njiani. Ulizia bei ya fungu moja kwa wauza maua wawili watatu wa hapa mjini, jua fungu lina maua mangapi, kisha zidisha. Kama gharama ya maua tu inameza bei yake yote, basi vijana wake, gari, vitambaa na stendi vitalipwa na nani?

Jibu mtaliona siku yenyewe. Majani yatakuwa mengi na maua machache, au yataletwa mabaki ya soko, au plastiki itaingizwa ukumbini saa kumi na mbili jioni wakati wewe uko kwenye kupiga picha na huna la kufanya. Mpe nafasi ya kujieleza. Mwambie aandike idadi: pambo la meza moja lina maua halisi mangapi, ya aina gani. Akiandika na hesabu ikasimama, nitafurahi kukosea. Akisema "usijali dada, utapenda tu," mshukuru na uendelee na wengine.

Wa pili, anayechanganya, amekwambia ukweli ambao kamati haikutaka kuusikia. Msimamo wangu kuhusu maua ya bandia ni huu: juu, mbali na usiku, ruksa. Darini, kwenye miti mirefu ya mapambo, nyuma kabisa ya jukwaa, hakuna mgeni atakayejua, na waridi halisi likining'inizwa pale bila maji kuanzia saa sita mchana litakuwa limelegea shingo kabla emsii hajashika kipaza sauti. Lakini popote mkono au pua itakapofika, liwe halisi. Shada lako, koti la bwana harusi, meza kuu, keki, meza za wazazi. Meza za wageni za nyuma mnaweza kujadiliana.

Nadhani anachokichukia mama mkwe ni ile plastiki iliyokodishwa harusi baada ya harusi, yenye vumbi na gundi inayoonekana. Hapo namuunga mkono. Mwambie mpambaji akuonyeshe maua yake ya bandia mchana, nje, juani, kwa sababu taa za ukumbi husamehe mengi. Angalia kama meupe yamegeuka manjano, kama kingo zimechanika nyuzi. Maua ya kitambaa ya daraja zuri yapo Kariakoo, na ya daraja baya yapo mengi zaidi. Na kwa mama mkwe mwenyewe, weka kitu cha kumnyamazisha kwa upendo: agiza vikuba, yaani vishada vidogo vya asumini na rehani, kwa meza ya wazazi. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba na huchanua usiku, yaani saa zilezile za sherehe yako. Hakuna waridi la shamba litakaloshindana na harufu ile. Mashamba mengi yanayolima kwa ajili ya safari ndefu yanatazama uimara wa ua, harufu inakuja baadaye sana, kwa hiyo usishangae ukumbi wenye mawaridi mamia kutonukia kitu.

Kuhusu bluu, nakuomba unisikilize vizuri. Hakuna waridi la bluu linaloota. Ukiona la bluu, ujue limetiwa rangi, ama kwa kunyweshwa ama kwa kupuliziwa, na rangi hiyo ikikutana na maji au jasho la mkono huhamia kwenye gauni. Sikubali kabisa ua la namna hiyo kwenye shada la bi harusi. Weka bluu kwenye vitambaa, utepe, leso, vyombo vya maua na mishumaa, halafu maua yawe meupe. Ukitaka ua lenyewe liwe na bluu kidogo, statisi ya zambarau-bluu ni ngumu, haiogopi joto na ni ya bei nafuu. Agapanthasi ya bluu inapendeza sana, hupenda hali ya hewa ya milimani, nayo lazima iagizwe mapema. Haidrenjia ya bluu utaiona kila mahali kwenye picha za harusi za Ulaya. Hapa Desemba itakutesa: ina kiu isiyoisha, na ikikosa maji saa moja au mbili kichwa chote kinaanguka. Kama unaipenda kufa, iwe kwenye meza kuu peke yake, ndani ya chombo chenye maji, chini ya kiyoyozi.

Ambao hawatishwi na joto letu ni okidi, anthuriamu nyeupe, krisanthemamu nyeupe, na majani: monstera, areka, makuti machanga ya mnazi. Jipsofila, vile viua vidogo vyeupe, nayo inavumilia na inajaza nafasi kwa bei ndogo. Fundi anayekupendekezea mchanganyiko wa namna hii anafikiria saa tano usiku. Yungiyungi jeupe ni zuri, ila hakikisha wanatoa zile punje za chavua katikati kabla ua halijachanua kabisa, maana unga wake wa rangi ya manjano ukigusa gauni jeupe hautoki. Na lisikae karibu na chakula, harufu yake ni kali. Sahau pioni. Linataka majira ya baridi kali ili lichanue, msimu wake Ulaya ni Mei na Juni, na Desemba mtu akikuahidi pioni muulize ya wapi.

Wa tatu. Picha nzuri si kosa, lakini picha ya mapambo hupigwa saa kumi na moja jioni, kabla mgeni hajaingia. Mwombe video ambayo haijahaririwa, ya mwisho wa sherehe, watu wakiwa wanacheza muziki. Kila mtu ana simu, video hizo zipo. Pia picha za Instagram huhama akaunti kwa akaunti. Muulize picha tatu unazozipenda zilikuwa ukumbi gani, kisha piga simu ukumbini. Katika kutafuta ushuhuda, usimtafute bi harusi aliyepita. Siku ile hakuona kitu zaidi ya mume wake na viatu vyake. Mtafute mwenyekiti au mweka hazina wa kamati yake. Yeye atakwambia mpambaji alimaliza saa ngapi, na kama aliomba nyongeza ya fedha Ijumaa usiku.

Hilo la msaidizi kupokea simu halinisumbui sana lenyewe. Mwenye kazi nyingi lazima awe na msaidizi. Kinachonisumbua ni Jumamosi ya Desemba. Muulize ana harusi ngapi siku hiyo, na nani hasa, kwa jina, atasimama ukumbini kwako tangu asubuhi mpaka wageni waingie. Huyo ndiye mpambaji wako, haijalishi ukurasa una jina la nani. Omba kukutana naye kabla ya kutoa hata shilingi. Na wote watatu waombe ruhusa ya kupita Jumamosi moja kwenye kazi yao nyingine, saa tisa au saa kumi alasiri, uchungulie dakika chache tu. Saa hizo ndizo zinazosema ukweli: kama maua yako kivulini ndani ya ndoo au yametupwa kwenye sakafu ya gari, kama vijana wanajua wanachofanya au wanagombana na mwenye ukumbi.

Ukumbi wenyewe nao una mkono wake. Zipo kumbi zenye wapambaji wao, na zinamtoza wa nje ada ya kuingia. Ada hiyo ijulikane sasa ni ya nani. Uliza kama Ijumaa usiku kuna shughuli nyingine, maana ikiwepo mpambaji wako hataingia mpaka Jumamosi asubuhi baada ya usafi. Halafu kiyoyozi. Kumbi nyingi hukiwasha wageni wakikaribia, na kuanzia saa sita mchana mpaka jioni maua yanaiva ndani ya chumba kilichofungwa. Omba kiwashwe saa tisa, mlipie saa hizo na mafuta ya jenereta ikibidi. Hakuna fedha ndogo kwenye bajeti yenu itakayookoa maua mengi kuliko hiyo.

Watu watakushauri maua ya kanisani yahamishiwe ukumbini ili kubana matumizi. Kwa ratiba yako inawezekana: ibada saa nane, mkienda kupiga picha saa kumi, mpaka saa moja kuna muda hata kwa foleni ya Jumamosi kutoka Upanga hadi Mbezi Beach. Lakini yahame vile vyombo viwili vikubwa vya mbele tu, kwa gari lililofunikwa. Pikapu ya wazi yenye upepo inakausha ua haraka kuliko jua. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo peke yake, asiwe shemeji mwenye mwaliko na suti mpya.

Nimeacha jambo la kamati mwisho, ingawa ndilo linaloharibu maua kuliko joto. Mashamba yanalima hasa kwa ajili ya soko la Ulaya, soko la ndani linapata kilichoagizwa mapema au kilichobaki. Na Desemba hiyohiyo Moshi na Arusha nako kuna harusi nyingi, za watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na wao wako jirani na shamba. Mpambaji wako akitaka mawaridi meupe 800 ya kikonyo cha sentimita 50 au 60 anatakiwa aagize wiki kadhaa kabla, na alipe. Shamba halipokei ahadi za michango. Kamati zetu zina tabia ya kushikilia fedha ya mapambo mpaka wiki ya harusi, michango ya dakika za mwisho ikiingia, halafu inalipwa Alhamisi na watu wanashangaa maua yamekuja machache na ya rangi ya krimu badala ya nyeupe. Mweleze mwenyekiti hivi: malipo ya kwanza ni ya kushika tarehe, ya pili yatoke si chini ya wiki tatu kabla na ni ya maua yenyewe, ya mwisho ni Jumamosi kazi ikishakaguliwa. Fedha ya maua itengwe kutoka kwenye michango ya mwanzo, kabla ya bendi na kabla ya vinywaji.

Mkataba uwe ukurasa mmoja tu, lakini usainiwe: tarehe, saa ya kumaliza (mimi ningeandika saa kumi na moja jioni), idadi na aina ya maua halisi kwa kila eneo, maeneo ya bandia yatajwe wazi, maua mbadala yatakuwa yapi ikiwa shamba limekosa, jina la msimamizi, nani anarudisha stendi na vyombo, na kikivunjika nani analipa. Hilo la mbadala lina maana. Mvua za vuli zinaweza kuchelewesha basi, mpakani maua ya Kenya yanaweza kusubiri kibali cha afya ya mimea. Afadhali uchague mbadala wewe ukiwa umetulia leo kuliko kijana wa kazi kuchagua Ijumaa usiku.

Ningekuwa wewe, ningemwendea wa pili. Mwombe atengeneze pambo moja la meza kama litakavyokuwa, mlipe gharama yake, ulipeleke nyumbani Tabata ukaliweke sebuleni bila feni kuanzia saa sita mchana. Lifuatilie mpaka saa tano usiku, lipige picha kila baada ya saa chache, kisha zitume kwenye kundi la WhatsApp la kamati bila maneno mengi. Likisimama, mkubalie maua ya bandia ya juu, mpunguzie meza za nyuma ziwe na majani na jipsofila, na uhamishie mawaridi ya meza hizo mbele. Bei yake inaweza kushuka kidogo kwa njia hiyo, na mwenyekiti atapata cha kujivunia kikaoni. Wa tatu mrudie iwapo tu mtu atakayesimamia kazi amepokea simu mwenyewe na ana harusi moja siku hiyo. Na yeyote utakayemchukua, mpigie wiki hii. Mawaridi meupe ya Desemba yanaanza kuahidiwa watu mapema.